Kusanifu kifuniko kisichovuja cha nyambizi ndogo ya kujitengenezea

Anayechora nyambizi yake kwa mara ya kwanza huwa na hofu kwamba kadiri chombo kinavyozama ndivyo maji yatakavyopenya kwenye kifuniko cha kuingilia. Hofu hiyo haiko mahali pake. Kifuniko kinachofungukia nje hubanwa na maji yenyewe, na kila mita inayoongezeka hukikandamiza zaidi. Kazi ngumu iko juu, karibu na uso wa maji, ambako shinikizo ni dogo mno kukibana, na tena katika zile dakika chache ambazo mtu anataka kukifungua. Kwa hiyo usanifu mzuri huanza na maswali mawili: kitabanwa na nini chombo kikiwa kinaelea, na kitafunguliwaje mambo yakiharibika?

Tuchukue kifuniko chenye kipenyo cha milimita 500, ambacho mtu mzima hupita bila kujikunja sana. Eneo lake ni karibu mita za mraba 0.196. Maji ya bahari huongeza shinikizo la takriban baa 1 (karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka) kwa kila mita 10, hivyo katika kina cha mita 30 kifuniko hicho hubeba mzigo unaolingana na tani 6. Katika kina cha mita 1 tu mzigo ni kama kilo 200, na hakuna mtu aliyesimama kwenye ngazi nyembamba awezaye kuusukuma kwa mabega. Tarakimu hii ya pili ndiyo ya kubandika ukutani, maana ina maana kwamba ukishazama kiasi cha kimo cha mtoto, umekwisha kufungiwa ndani.

Umbo ni suala la uzito. Bamba bapa la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 16, likiegemea ukingo wake wote, hupata mkazo wa karibu megapaskali 90 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) katika kina cha mita 30, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya megapaskali 250 ambapo chuma hicho huanza kupinda bila kurudi. Ukipunguza unene hadi milimita 12, mkazo hupanda hadi 160 hivi, na katika kina maradufu utakuwa umevuka kikomo. Kuba hufanya kazi ileile kwa bamba jembamba zaidi, ila huusukuma ukingo wake nje, na ukingo huo lazima ushikwe na pete nene ya chuma. Isitoshe, kuba jembamba linaweza kubonyea ghafla hata kabla mkazo haujafika kikomo, kwa hiyo hesabu ya kubonyea ifanywe kando. Kwa chombo cha kwanza, na kwa vina vidogo, mimi ningechagua bamba bapa. Lina uzito wa kilo 30 na ushee juu kabisa ya chombo, jambo linalopunguza uthabiti, lakini makosa yake huonekana kwa macho na hesabu yake ni fupi.

Bamba bapa lina tabia moja inayopaswa kujulikana kabla ya kuchora mpira wa kuziba. Likilemewa, katikati hubonyea ndani, kama milimita 1 katika mfano wetu, na ukingo wake wa nje hunyanyuka. Kwenye upana wa milimita 25 za mkalio, yaani ukingo wa chombo ambao kifuniko hukalia, mnyanyuko huo hufikia takriban milimita 0.15. Mpira wa karatasi uliokatwa kwa mkasi, kama gasketi za bomba, haupendi hali hiyo. Pete ya mpira yenye unene wa kutosha haiihisi hata kidogo.

Pete yenye unene wa milimita 7 inafaa. Mfereji wake ukichongwa kwa kina cha milimita 5.3, pete itabanwa kwa milimita 1.7, ambayo ni karibu asilimia 24 ya unene wake. Upana wa mfereji uwe milimita 9, ili mpira ujaze karibu asilimia 80 ya nafasi na ubakiwe na pa kutanukia. Mpira haukubali kupungua ujazo, hubadili umbo tu. Mfereji ukiwa mdogo mno, pete itakinyanyua kifuniko badala ya kukiziba. Kwa kuwa maji yanasukuma kutoka nje kwenda ndani, pete itaishia kuegemea ukuta wa ndani wa mfereji, kwa hiyo ianze kuegemea hapo: chagua pete ambayo kipenyo chake cha ndani ni kidogo kwa asilimia 1 au 2 kuliko ukuta huo, ili ivutike kidogo na kuukumbatia. Fundi wengi huchonga mfereji kwenye mkalio, mahali ambapo mchanga, unywele na soli za viatu hupita kila siku. Ni afadhali uchongwe kwenye kifuniko, mkalio ubaki tambarare, kitu cha kufutwa kwa kitambaa kimoja. Mkalio huo ukerezwe baada ya kuchomelewa kwenye mwili wa chombo, kamwe si kabla, kwa sababu joto la kuchomelea huupindisha.

Mpira wa nitrile hustahimili maji ya bahari na mafuta, lakini jua huupasua, kwa hiyo chombo kikiegeshwa nchi kavu kifuniko kifunikwe. Ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A ndio uliozoeleka viwandani. Hapa, kwa kuwa shinikizo ni la baa chache tu, 50 au 60 unatosha, na hubanika kwa nguvu ndogo zaidi. Pete iwe imeumbwa nzima kiwandani. Uzi wa mpira uliokatwa na kuunganishwa kwa gundi huwa na sehemu moja ngumu, na hapo ndipo tone la kwanza huonekana. Paka grisi ya silikoni, kiasi cha kuing'arisha pete tu.

Sasa makomeo na bawaba. Kuibana pete ya urefu huu hadi mwisho kunahitaji kani ya mamia ya kilo, na mkono wa mtu hauwezi kuitoa kirahisi. Si lazima uitoe. Makomeo yanatakiwa kuigusanisha pete na mkalio pande zote, ili mawimbi yasipenye. Kazi iliyobaki itamaliziwa na maji katika mita chache za mwanzo. Makomeo 3 au 4 yenye miteremko midogo, yaliyopangwa kwa umbali sawa, ni bora kuliko bolti moja kubwa ya katikati. Bawaba nayo iwe legevu, yenye tundu refu linaloruhusu kifuniko kucheza milimita 3 hivi kwenda juu na chini. Bawaba iliyokaza hugusa kwanza upande wake na kuacha mwanya upande wa pili, na hili, naamini, ndilo kosa linaloongoza kwa kuvujisha vifuniko vilivyochongwa vizuri. Makomeo yafunguke kutoka ndani na nje, bila ufunguo. Mhimili unaopita kwenye bamba kwa ajili hiyo uwe na pete zake mbili ndogo za mpira.

Mkalio usiwekwe usawa wa sitaha. Uinue juu ya shingo ya chuma, sentimita 40 au zaidi kutoka kwenye maji, na chuma kilichotolewa kwenye tundu la mwili kirudishwe kama uimarisho kuzunguka shingo hiyo. Mwaka 1968 nyambizi ya utafiti ya Marekani iitwayo Alvin ilikuwa ikishushwa baharini nyaya zilipokatika. Kifuniko kilikuwa wazi, watu 3 waliwahi kuruka nje, na chombo kikazama zaidi ya mita 1,500. Haikuhitaji tundu wala ufa.

Kuhusu kufungua, kuna hatari mbili zinazotazamana. Ya kwanza ni hewa iliyozidi ndani, pengine kwa mtungi unaovuja polepole: baa 0.1 tu hukisukuma kifuniko chetu kwa kani ya kilo 200, na atakayefungua komeo la mwisho atapigwa nacho. Weka valvu ya kusawazisha hewa, na kipimo cha shinikizo mbele ya rubani. Ya pili ni kukwama chini. Mwaka 1851, katika bandari ya Kiel, Ujerumani, mbunifu Wilhelm Bauer na wenzake wawili walikwama chini ndani ya nyambizi yake, Brandtaucher. Waliacha maji yaingie hadi shinikizo likalingana, kisha wakafungua na kuibuka hai. Fizikia haijabadilika. Katika kina cha mita 20 shinikizo kamili, ukijumlisha na baa 1 ya hewa iliyo juu ya maji, ni baa 3, kwa hiyo hewa ya chumba cha lita 2,000 lazima isinyae hadi theluthi, na maji kama lita 1,330 yaingie. Valvu ya milimita 15 huanza kwa takriban lita 2 kwa sekunde na kuzidi kupungua, ilhali ya milimita 40 huanza kwa karibu lita 15. Chagua kubwa, iweke mahali mkono unapafikia gizani, na barakoa za kupumulia ziwe karibu nayo, maana hewa chafu ya chumbani ikisinyaa mara 3 sumu yake nayo huongezeka mara 3. Anayepanda kutoka hapo atoe pumzi njia nzima.

Jaribio la kwanza hufanyika nchi kavu. Paka mkalio grisi iliyochanganywa na masizi, funga, fungua, na utazame kama alama kwenye pete ni mviringo usiokatika. Kisha nyonya hewa ya ndani hadi ipungue kwa baa 0.1 na uangalie kipimo kwa saa nzima; kifuniko kitabanwa kama kinavyobanwa baharini, na sindano isisogee isipokuwa kwa mabadiliko ya joto. Baada ya hapo chombo kishushwe kwa kamba bila mtu ndani, hadi kina kinachozidi kile cha kazi kwa robo au nusu, kikae huko kwa saa moja, kikiwa na gazeti kavu lililotandazwa sakafuni chini ya kifuniko.