Namna ya kumjibu mzazi anayeuliza "Nilikosea wapi?"

Nafundisha biolojia sekondari, huu mwaka wa 21. Jioni moja jirani yangu alinikuta jikoni nachambua maharage. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu anapenda wanaume wenzake. Nilikosea wapi? Au nilimdekeza?"

Ukiulizwa hivyo, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza yeye mwenyewe anadhani ni nini. Atataja baba aliyekuwa safarini, shule ya bweni, marafiki. Ukijua anajilaumu kwa lipi, umejua pa kuanzia.

Mimi huanza na mapacha. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard wa Marekani waliwafuata wanaume mashoga wenye pacha wa kiume. Kwa mapacha wa kufanana, 52 kati ya kila 100 walikuwa na pacha aliye kama wao. Kwa wasiofanana, 22. Mwambie pia kwamba watu hao walipatikana kwa matangazo ya magazetini, na Bailey alipotumia orodha ya mapacha wa Australia mwaka 2000, ile 52 ilishuka hadi 20 hivi. Mapacha wa kufanana wana vinasaba sawa, yaani jeni, maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Kwa hiyo vinasaba vina mkono wake, lakini mkono huo haufiki kila mahali. Wala usimtafutie "jeni ya ushoga". Utafiti wa mwaka 2019 uliopima karibu watu 500,000 ulikuta vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo sana, na hakuna awezaye kuvisoma akatabiri mtoto atampenda nani.

Hapo atasema kama alivyosema jirani yangu: "Basi iliyobaki ni malezi."

Hapa usipite haraka, maana neno "mazingira" ndilo linalowaumiza wazazi bure. Kwa mwanasayansi, mazingira ni chochote kisicho vinasaba, na mazingira ya kwanza ya mtoto ni tumbo la mama yake. Chukua maharage 200, manne yawe ya rangi tofauti: tukadirie kwamba wavulana 2 kwa 100 ndio huvutiwa na wanaume. Mwaka 1996 Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walionyesha kwamba kila kaka mkubwa huongeza uwezekano huo kwa takriban theluthi moja. Mwenye kaka mmoja, ongeza punje moja, ziwe tano. Mwaka 2006 Bogaert akaonyesha kwamba wanaohesabika ni kaka waliotoka tumbo moja, hata kama walilelewa nyumba nyingine. Kaka wa kambo waliokulia chumba kimoja naye hawaongezi kitu. Maelezo yanayochunguzwa ni kwamba mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na vitu vigeni, dhidi ya protini za mimba za kiume, na kingamwili hizo zikafika kwenye ubongo wa mtoto wa kiume anayefuata.

Mtazame usoni ukisema hayo. Jirani yangu aliweka mkono tumboni, nikajua lawama imehama tu. Nilimrudisha kwenye maharage: 195 hayajabadilika, na hakuna mama anayeuamrisha mwili wake utengeneze kingamwili gani.

Kama mtoto ni binti, acha maharage kabisa. Tafiti nyingi hazikuiona hesabu ya kaka kwa wanawake, na bado haijathibitika kwao.

Akiuliza dawa, jibu waziwazi. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, na wanaolazimishwa "kutibiwa" huweza kubaki na sonona, wengine na mawazo ya kujiua. Asimpeleke mwanawe huko.

Mwisho jirani yangu aliuliza mwanawe alianza lini kujijua. Nilimwambia hilo akamuulize kijana mwenyewe, wakiwa wawili tu, na akishauliza anyamaze asikilize.