Kuchagua Shiti la Chuma Kabla ya Kulikunja

Fundi wa Mwanakwerekwe, Zanzibar, anayetaka shiti jembamba litoke na uso safi chini ya rangi, aanze kwa kumuuliza muuzaji lina muda gani tangu litoke kiwandani. Huko, chuma kikishalainishwa kwa moto tanurini, hupitishwa kwenye rola za mwisho zinazokipunguza unene kwa asilimia 0.5 hadi 2 tu. Mbano huo mdogo hukinyoosha, hukiongezea ugumu kidogo na huzuia michirizi inayojitokeza kinapovutwa. Katika chuma cha kawaida cha kaboni kidogo, kinga hiyo hupotea kwa joto na muda. Basi akate kipande cha upana wa vidole viwili, akikunje polepole: kikijikunja kwa pembe pembe badala ya kupinda mviringo mmoja, shiti limekaa mno ghalani.