Sogeza Kabati Kabla Mnunuzi Hajalisogeza

Kazi yangu ni udalali wa nyumba hapa Mombasa, kisiwani na ng'ambo ya Nyali hadi Bamburi. Mtu akinipigia kwamba anauza, simuulizi bei kwanza. Namuuliza ukuta wa nyuma ya kabati la chumbani ukoje. Wengi hawajui. Basi anza hapo.

Chumvi ya Mombasa haikai baharini tu. Iko kwenye upepo, kwenye maji ya kisima, na katika nyumba za zamani imo ndani ya lile jiwe la matumbawe lenyewe. Ukuta ukinyonya maji, chumvi inayeyuka na kusafiri nayo. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu. Unaona unga mweupe, rangi inatoka maganda, plasta ukiibonyeza kwa kidole gumba inamomonyoka. Na mwenye nyumba mwenye haraka hufanya nini? Hununua debe la rangi. Nyumba inang'aa siku ya kwanza, mnunuzi anafurahi, halafu anarudi na fundi wake na kukuta rangi imefura malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai. Kutoka hapo hata ukimwambia bati ni jipya hakuamini.

Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la bafuni, tangi la juu linalovuja, gata iliyoziba majani ya mwarobaini, au udongo wa uani uliorundikana mpaka ukapita kimo cha sakafu. Ziba hapo. Kisha plasta iliyooza ikwanguliwe hadi kwenye jiwe, na chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Uache ukuta wazi wiki kadhaa, na ikiwezekana fanya kazi hii wakati wa kaskazi, si masika. Nyumba ya mawe ya zamani irudishiwe kwa chokaa na mchanga. Simiti huufungia unyevu ndani, nao utapanda na kutokea juu zaidi. Kama nyumba iko Mji wa Kale, hilo ni eneo la hifadhi, kwa hiyo usibomoe baraza wala roshani kabla ya kuwaona Makumbusho ya Taifa. Na mlango wa nakshi usiupake rangi ya mafuta, tafadhali! Upanguse vumbi tu.

Kama huna muda wa yote haya, acha ukuta ulivyo na useme kilichopo. Mnunuzi atakata bei kidogo, lakini hatakimbia.

Baada ya ukuta ni maji. Mtu wa hapa hufungua mfereji kabla hajatazama vigae. Mwambie wazi kama maji ni ya bomba na hutoka siku gani, kama ni kisima, au kama unanunua ya mkokoteni. Ya kisima muonjeshe. Lipa bili iliyolala, badilisha koki inayodondoka, na misumari ya bati iliyoshika kutu ing'olewe. Mengine, mapazia na maua, utayajua mwenyewe.

Karatasi ndizo zinazoua biashara, si rangi. Jina kwenye hati likiwa la marehemu babu, malizeni mirathi kwanza, kwa Kadhi au mahakama nyingine, ndipo mtangaze. Nyumba unayoishi na mumeo au mkeo inahitaji ridhaa yake kwa maandishi. Kodi za kaunti ziwe zimelipwa, upate cheti cha kutodaiwa. Kuna na hizi nyumba zetu zisizo na ardhi, za Majengo, Kisauni na Likoni: kuta zako, kiwanja cha mwingine, unamlipa kodi. Hilo litaje kwenye simu ya kwanza, ukiwa na risiti za kiwanja mkononi, na mwenye ardhi awe anajua unauza. Mnunuzi mpe nakala ya hati akafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Hati halisi haitoki nyumbani, hata kwa dalali. Hata kwangu.

Jua pia kwamba tangu 2023 serikali huchukua asilimia 15 ya faida ya mauzo, ila nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo miaka 3 kabla ya kuuza ina msamaha wake. Muulize wakili kabla hujataja bei.

Siku ya kuonyesha, napenda saa tatu asubuhi au baada ya alasiri. Ijumaa mchana usimwite mtu. Wapangaji wajulishwe jana yake. Kina mama hawapendi mgeni apige hodi huku wengine wako ndani ya khanga. Jokofu bovu na magunia ya uani yaondoke. Madirisha yawe wazi upepo upite. Udi kidogo si vibaya, lakini ukizidi mtu hujiuliza kinafichwa nini.

Halafu mwache atembee. Kuna mzee wa mtaa wa Tudor aliyemfuata mgeni chumba hadi chumba, akimweleza kila msumari. Nilimshika mkono: "Baba, njoo barazani tunywe kahawa." Mgeni, baharia mstaafu, akabaki peke yake, akasogeza kabati, akapitisha kiganja ukutani, akatoka na maswali mawili tu. Nyumba akainunua.

Bei itajwe na mtu mmoja. Mume akisema hili na mke lile, mnunuzi ameshapata punguzo. Akiomba kurudi usiku, mkubalie. Anataka kusikia kelele za jirani na kuona mahali pa kuegesha gari. Na akitaka kutuma pesa ya "kushikilia nyumba" kwa simu, mkatalie. Amana, kwa kawaida asilimia 10, hupita kwa mawakili baada ya mkataba kusainiwa.