Bolti ya geti usiniletee

Dogo mmoja anayebeba abiria kati ya Ihumwa na Hombolo alinikokotea pikipiki hadi kijiweni kwangu Nzuguni, injini inacheza kwenye fremu. Bolti ilidondoka njiani, akanunua nyingine duka la vifaa vya ujenzi. Unene ule ule, milimita 10. Iliingia raundi mbili ikagoma, naye akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu. Meno ya tundu yakaliwa yote.

Pikipiki nyingi, bolti ya 10 meno yake yamebanana: jino hadi jino milimita 1.25. Ya mageti na kenchi ni 1.5, na kwa haraka macho hayaoni tofauti. Nenda dukani na bolti ya zamani, ilaze ubavuni mwa mpya, meno kwa meno, uziinue kwenye mwanga. Yakiingiana bila mwanya, lipia. Kama imepotea, beba nati yake ujaribishie. Ukifunga, anza na vidole: isipokwenda raundi nne kwa mkono, itoe. Za 6 na 8 hazisumbui sana upande wa meno. Ila kichwa kisikubabaishe: ya 8 ya Kijapani mara nyingi ni spana 12, ya ujenzi ni 13.

Kisha soma kichwani mwa bolti namba ya uimara wake. Iliyotoka ikiwa na 8.8, rudisha 8.8, ikiwa 10.9, usishuke. Za 4.8 mimi nafungia kibati cha namba tu. Zile zinazong'aa, zisizoshika kutu, vijana wanazipenda kweli, lakini kwenye breki siziweki hata unibembeleze.

Kava la injini lina bolti za urefu tofauti. Mimi huchora kava kwenye boksi la sabuni, natoboa matundu, kila bolti naichomeka mahali pake. Ndefu ikigota chini kabla ya kubana, oili itavuja. Fupi itang'oa meno ya aluminiamu. Bolti ya 6 nataka izame humo angalau milimita 9.

Nati yenye plastiki ndani, ukishaifungua weka mpya. Bei yake ni ndogo.

Ya dogo ilikaa kwangu siku mbili ikisubiri mkerezaji. Lile bomba lake ninalo hapa, sijamrudishia.