Mtambo wa gesi hula kama ng'ombe

Ukitaka gesi ya samadi ikuivishie maharage, hesabu kwamba umeongeza ng'ombe mwingine, ila huyu umemfukia. Anataka kula kila siku, anataka maji, na baridi inamkata hamu. Mtambo wangu mimi ni wa mita 6 za ujazo, hapa Busia, nyuma ya jiko.

Asubuhi nazoa ndoo mbili za lita 20 za kinyesi kibichi, naongeza maji ndoo mbili, nakoroga kwa mkono mpaka uwe uji. Kwa mkono, ndiyo: kijiti hakihisi kokoto. Mchanga usiouondoa leo utalala chini ya mtambo na kula nafasi miaka yote. Chakula hicho kinanipa moto wa jiko moja kama saa 4 kwa siku. Kiangazi kisima kikishuka, nusu ya maji inakuwa mkojo wa ng'ombe. Maji ya sabuni au ya dawa ya kupe usimwage humo kamwe, yataua vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Wifi yangu yuko Kapchorwa, mlimani. Mtambo wake ni sawa na wangu, ng'ombe ni sawa, gesi nusu. Nilipofika nikakuta umejengwa chini ya mparachichi, na anaulisha alfajiri kwa maji yanayouma vidole! Vijidudu hivi hupenda joto la nyuzi 35 hivi. Chini ya 15 karibu vinalala. Tukakata matawi, tukafunika kuba, yaani paa la mtambo, kwa udongo na majani makavu ya migomba. Siku hizi anaanika jerikeni nyeusi juani na kulisha saa saba mchana, tena kidogo kidogo, ili uji ukae ndani hata siku 60 badala ya 40.

Kosa langu mimi lilikuwa maganda ya matoke. Jirani aliozesha binti, nikabeba magunia matatu na kuyatumbukiza yote. Siku ya tatu gesi ilikuwa tele, lakini kiberiti kinawaka, jiko linazima. Tumbo la mtambo lilikuwa limechacha, linatoa hewa ya ukaa tupu. Niliacha kulisha siku kumi, nikaomba ndoo za tope kwenye mtambo wenye afya wa mwenzangu, nikaanza upya na kinyesi peke yake. Sasa ganda nalikatakata, nalichanganya ndoo moja kwa nne za kinyesi. Mavi ya kuku yana ukali, weka machache.

Gesi ya kwanza kabisa iachie nje, usiiwashe. Ina hewa nyingi. Ukisikia harufu ya yai viza ndani ya nyumba, fungua madirisha, kisha tafuta tundu kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Na moto ukianza kurukaruka na bomba kukohoa, usimlaumu ng'ombe. Ni maji yamejikusanya bombani. Fungua koki ya chini kabisa yatoke.