Simu Inyamaze Kabla Gari Halijawaka: Mwongozo kwa Madereva wa Oda na Bodaboda

Kumwambia dereva wa oda wa Dar es Salaam, anayeitwa na abiria kwa apu, aache simu nyumbani ni kumwambia aache kazi. Oda inaingia kwenye simu, ramani iko kwenye simu, mteja analipa kwa simu, na mwenye gari anataka hesabu yake, pesa ya siku anayopelekewa, iingie kwenye simu kabla ya kulala. Ndiyo maana onyo la "usitumie simu unapoendesha" linapita juu ya vichwa vya madereva wengi kama linamhusu mtu mwingine. Nafundisha udereva, na wanafunzi wangu wengi wanakuja wakiwa tayari wako barabarani wanatafuta riziki. Ninachowasisitizia ni kimoja: kila uamuzi unaohusu simu ufanyike magurudumu yakiwa yamesimama. Ukishaondoka, pasibaki kitu cha kuamua.

Tenga jioni moja, chombo kikiwa kimepaki na simu ina chaji. Nimeandika zaidi kwa ajili ya Android kwa kuwa ndiyo imejaa vijiweni. Wenye iPhone nitawagusa inapobidi.

Kabla ya hatua yoyote: tatizo haliko mkononi

Dereva akinunua kifaa cha kuongelea bila kushika simu, anajiona amemaliza. Hajamaliza. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali karibu mara nne zaidi ya asiyetumia, na kuongea bila kushika simu hakuna usalama mkubwa zaidi ya kuongea ukiwa umeishika. Kinachotekwa ni akili. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alipima madereva kwenye mitambo ya kuigiza uendeshaji na kukuta kwamba anayeongea na simu anaweza kuelekeza macho kwenye kitu na asikione. Mtoto yuko mbele ya gari, macho yamempita, akili iko kwenye mazungumzo ya kiwanja cha Chanika.

Kuna utafiti mwingine, wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha madereva cha Marekani, mwaka 2015, ambao wanafunzi wangu hawapendi kuusikia. Waliwapima madereva wanaotoa amri kwa sauti kwenye simu na kwenye mifumo ya magari, wakakuta akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani baada ya kumaliza. Sasa piga hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde 27 ni zaidi ya mita 370. Ukitokea mataa ya Morocco hapa Dar umeshavuka vivuko na vituo vya daladala, na simu uliiweka chini zamani.

Na kusoma meseji? Sekunde tano tu kwa mwendo huo ni karibu mita 70 ukiwa umefumba macho. Ukiwa nje ya mji kwa kilomita 80, ni zaidi ya mita 110, urefu wa uwanja wa mpira na chenji inabaki.

Hatua ya kwanza: pima mkono wako

Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha muda unaotumia kwenye skrini. Simu nyingi za Android na iPhone huonyesha pia mara ngapi umeifungua au kuiokota kwa siku. Andika namba hiyo kwenye karatasi, si kwenye simu. Usijihukumu na usiibishie. Utaihitaji baadaye.

Ukitaka kujua kwa nini namba ni kubwa hivyo, mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonyesha kwa njiwa: ukimpa njiwa punje kila anapodonoa, akishiba anaacha, ukimpa punje bila mpangilio, leo akidonoa mara tatu, kesho mara thelathini, anadonoa bila kuchoka. Kufungua simu ni kubeti. Mara nyingi hakuna kitu, ila mara moja moja kuna oda ya Airport, au meseji uliyokuwa unaisubiri. Ile "huenda safari hii kuna kitu" ndiyo inayouvuta mkono kwenye foleni, na haijali kama umeapa asubuhi kwamba leo hutashika.

Kwa hiyo usitegemee nguvu ya moyo ukiwa Ubungo saa kumi na moja jioni, umechoka na jua linakupiga usoni. Panga mapema.

Hatua ya pili: tenganisha simu ya kazi na simu ya maisha

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo inayopigwa vita kuliko zote kwa sababu inagharimu pesa. Tafuta kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe. Laini yako ya nyumbani, ile ya mama, watoto na shule, iweke humo. Kiswaswadu hakina cha kuperuzi. Kikiita, unajua ni mtu mwenye shida, na unaweza kutafuta mahali pa kusimama.

Simu kubwa ibaki na vitu vya kazi tu: apu ya oda, ramani, na huduma ya pesa. Ondoa TikTok, Instagram, Facebook na apu za kubeti. Usifiche kwenye folda, futa. Ukitaka kuangalia magoli usiku, yaangalie kwenye simu ya mtu mwingine au pakua apu upya, na ule usumbufu wa kupakua ndiyo faida yenyewe.

WhatsApp ni kesi ngumu. Wengi mna wateja wa kudumu humo. Hapo hamia WhatsApp Business, ambayo ina sehemu ya kujibu yenyewe ukiwa haupo. Andika: "Niko barabarani. Nikisimama nitakujibu." Kisha nyamazisha magrupu yote daima, si kwa muda wa saa nane tu. Grupu la kijiwe pia. Najua humo ndimo mnaambiana trafiki wako wapi. Dereva mwenye leseni, bima na mwendo wa halali hana haja ya taarifa hiyo.

Hatua ya tatu: fundisha simu kunyamaza

Nenda kwenye Usisumbue. Baadhi ya simu zimeandika Usinisumbue. Weka ruhusa hivi: apu ya oda ipite, watu wawili au watatu wa karibu wapite, wengine wote wanyamazishwe. Zima na mtetemo, maana simu inayotetemeka kwenye dashibodi inakuita kama inayolia.

Kuna mtego hapa. Android ina kipengele kinachoruhusu mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu iite. Kimewekwa kwa ajili ya dharura, lakini mteja wa Dar anapiga mara tatu kabla hujatoka kwenye geti. Kizime saa za kazi. iPhone nayo ina kipengele kama hicho, ila muda wake ni dakika tatu.

Wenye iPhone mna mpangilio maalumu wa kuendesha gari. Unaweza kuufanya uwake wenyewe simu inapounganishwa na bluetooth ya gari, nao umjibu wenyewe anayekuandikia kwamba uko njiani. Utumie.

Hatua ya nne: mahali pa simu

Kwenye gari, stendi ikae chini ya usawa wa macho, isizibe kioo cha mbele, na usilazimike kuinamisha kichwa kuiona. Si mapajani, si kati ya miguu. Ramani itoe sauti ili uisikilize badala ya kuitazama.

Kwenye pikipiki, simu ifungwe kwenye usukani kwa stendi imara. Kuichomeka ndani ya helmeti ili uongee hakukubaliki hata kidogo: unaongea, sikio moja limeziba, na helmeti haikai ilivyotengenezwa kukaa. Spika za masikioni pande zote mbili ni hivyo hivyo, kwani honi ya basi la mwendokasi hutaisikia. Mwenye iPhone ajue pia kwamba mwaka 2021 Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera. Kwa pikipiki ndogo ilishauri stendi yenye kupunguza mtikisiko.

Hatua ya tano: maliza mazungumzo kabla hujaondoka

Oda imeingia, umeikubali ukiwa umesimama. Usiwashe. Mpigie mteja kwanza:

"Habari dada, ni dereva wako. Umesimama upande gani, wa sheli au wa kituoni? Sawa. Naondoka Mwenge sasa hivi. Nikiendesha sipokei simu, nikifika nitakupigia mimi."

Maneno hayo yanaua zile simu za "uko wapi?" ambazo ndizo nyingi kuliko zote. Alama za ramani mara nyingi zinakosea mita kadhaa, mteja anaona gari linazunguka, anapata wasiwasi, anapiga. Ukishamwambia mapema, anatulia. Asiyetulia, mwache apige. Utamkuta pale pale.

Oda ya pili ikiingia ukiwa na abiria ndani, iache ipite. Apu nyingi zinakupa sekunde chache za kuamua, na sekunde hizo zimehesabiwa na mtu ambaye hayuko kwenye kiti chako. Kama apu yako inaruhusu kuzima oda za kufuatana, zima. Utapoteza baadhi, sitakudanganya. Linganisha na bei ya bampa, taa, na siku ambazo gari litakaa gereji huku mwenye gari akidai hesabu.

Mwenye gari naye aambiwe, kwa adabu: "Bosi, nisipopokea ujue niko barabarani, nitakupigia nikisimama." Nimeona wamiliki wanaopiga simu kila nusu saa halafu wanashangaa gari limegongwa.

Hatua ya sita: mataa na foleni

Hapa ndipo uraibu unapolishwa. Gari limesimama, trafiki amezima taa anaongoza kwa mkono, upande wenu umesahaulika. Mkono unaenda wenyewe. Mtu anasema, "si nimesimama?" Umesimama, ndiyo, lakini utaondoka, na zile sekunde 27 utaondoka nazo. Wakati huo bodaboda wamejaa ubavuni pande zote mbili na mama mwenye ndoo anamalizia kuvuka.

Kumwambia mtu asifanye kitu bila kumpa cha kufanya ni kazi bure. Mpe mkono na macho mzunguko mwingine, uleule kila mara: kioo cha kati, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, kivuko mbele yako, kisha ubavu wa kushoto kwa kugeuza kichwa. Ukimaliza, anza tena. Sema kwa sauti kama uko peke yako: "Pikipiki mbili kushoto, mwenda kwa miguu mmoja." Wiki ya kwanza utajiona mjinga. Endelea tu, mpaka mguu ukikanyaga breki macho yaende kwenye kioo yenyewe.

Faida ya pembeni: vishandu, wale waporaji wa simu, wanapenda dereva aliyeinamia simu na kioo cha dirisha kimeshushwa.

Hatua ya saba: ukilazimika, simama kweli

Kusimama kweli ni kuingia sheli, mbali na pampu, au kwenye maegesho, au barabara ya pembeni. Kuweka tairi mbili kwenye vumbi na mbili kwenye lami ya Morogoro Road huku umewasha taa za hazadi si kusimama. Kwa pikipiki, toka nje ya lami kabisa, zima injini, ndipo utoe simu.

Abiria wako nao wana neno hapa. Abiria wa bodaboda anayerekodi video nyuma anahamisha uzito bila kujua na anakuyumbisha kwenye kona. Mwombe ashike pikipiki. Anayeshuka akiwa ameinamia simu, hasa karibu na njia ya mwendokasi ambako mabasi yanatoka pande zote mbili, mwambie kabla hajakulipa: "Kaka, angalia huku na huku kwanza." Hakuna atakayechukia.

Hatua ya nane: rudi kwenye ile karatasi

Baada ya wiki mbili, fungua tena namba ya siku na uilinganishe na ya mwanzo. Ikiwa imeshuka sana, endelea ulivyo. Ikiwa imeshuka kidogo, angalia ni apu gani inayofunguliwa zaidi na uiondoe, hata kama ni ile uliyonibishia kwenye hatua ya pili.

Ikiwa haijashuka kabisa, ongeza mambo mawili. Usiku simu ichajiwe chumba kingine, maana aliyelala saa nane akiperuzi anaendesha na usingizi asubuhi, na hiyo ni hatari nyingine kabisa. Na siku unayoendesha bila kazi ya oda, ukienda msibani Bagamoyo au kumpeleka mtoto hospitali, simu kubwa iingie kwenye buti, kiswaswadu kikae mfukoni. Njia huijui? Itazame kwenye ramani kabla ya kuwasha, kisha ukipotea shusha kioo uulize watu wa bodaboda.