Jiko la zamani la kuni: namna ya kulifanya liwake bila moshi na kulinda moto hadi alfajiri

Juni iliyopita nilikaa wiki mbili kwa shangazi yangu, Njombe, kwenye baridi ya kuuma vidole. Jiko lake ni la chuma cha kusubu, zito, na bomba lake limetoboa bati. Lilikuwemo kwenye nyumba ile kabla sijazaliwa. "Mwanangu, linamaliza kuni zote, na saa 7 usiku limeshazima," aliniambia. Siku ninaondoka, makaa ya kuni tulizopanga saa 3 usiku yalichemsha chai ya saa 11 alfajiri. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Kuni

Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hauwezi kuzichoma vizuri kabla ya kuyachemsha yote. Tafuta kuni ambazo maji yake yako chini ya asilimia 20. Kipimo changu ni mizani ya jikoni. Chagua kipande kimoja, andika uzito wake kwa mkaa juu ya mbao, ukirudishe kwenye rundo, kisha kipime kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Pasua kabla ya kupanga, maana gogo zima hukauka polepole mno, na funika juu tu ili upepo upite ubavuni. Kwa moto wa usiku nachagua miwati. Milingoti nayo inafaa ikikaa mwaka mzima. Paina ni ya kuwashia.

Hatua ya 2: Bomba

Lisugue kwa brashi ya waya kila mwaka kabla ya baridi. Ukikuta tabaka jeusi linalong'aa kama lami, usiwashe jiko mpaka liondolewe. Lami hiyo ikishika moto, bomba lote linawaka ndani, na dari ya mbao haiko mbali.

Hatua ya 3: Hewa inayoingia pasipotakiwa

Hapa tulipoteza siku moja na nusu. Kuni zilikuwa kavu, bomba safi, vilango vya hewa nimevifunga vyote, na bado moto ulivuma kama una mvukuto. Ukifunga hewa, moto unapaswa kulegea ndani ya dakika chache. Usipolegea, kuna tundu.

Nilianza na kamba ya mlango, ile inayoziba mwanya kati ya mlango na jiko. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Kikitoka bila kushikwa, kamba imechoka mahali hapo. Rudia kuuzunguka mlango mzima. Lakini angalia: kamba za majiko ya zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Usiikwangue ikiwa kavu. Vaa barakoa nzuri, lowanisha kamba chapachapa, itoe ikiwa na maji, ifunge kwenye mifuko miwili mizito, na watoto wasiwepo. Nilibadilisha kamba yote, nikawasha, moto ukavuma vilevile.

Nilikuwa karibu kukata tamaa, shangazi akaniletea kijiti cha udi. Moto ukiwa unawaka, nilikipitisha polepole kwenye kila kiungio. Moshi wa udi ulipanda wima, ukapanda wima, mpaka nilipofika nyuma, chini kabisa, bamba la nyuma linapokutana na kitako cha jiko. Pale ulipinda ghafla, ukaingia ndani kama uzi kwenye tundu la sindano. Ufa ulikuwa na unene wa ukucha na urefu wa kiganja. Saruji iliyouziba zamani ilikuwa imeshabomoka.

Acha jiko lipoe hadi kesho yake. Kwangua ufa, ulowanishe, uzibe kwa saruji ya kuhimili moto. Ya kujengea usiiguse, joto huipasua. Ukikosa, udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa unasaidia, ila utaurudia kila msimu. Iache ikauke siku nzima, kisha washa moto mdogo mara mbili kabla ya moto mkubwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na hata hivyo siruhusu chuma cha kusubu kichomelewe kama bomba la geti. Kinapasuka pembeni ya mshono.

Pitisha udi kwenye viungio vya bomba pia. Tundu la huko huingiza hewa baridi, na moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi huanza kuganda kuwa lami.

Hatua ya 4: Kuwasha

Vipande vinene chini, vya wastani katikati, vijiti vya paina juu, na uwashie juu. Moshi wa kuni za chini hulazimika kupita kwenye ndimi za moto, nao huungua. Acha hewa wazi mpaka kuni zote ziwe nyeusi kila upande, dakika 15 hadi 20, kisha punguza kidogo kidogo. Toka nje uangalie bomba: moto ukishakolea unapaswa kuona joto linatetemeka tu. Ukiona moshi mzito, ongeza hewa.

Hatua ya 5: Moto wa usiku

Vuta makaa mbele, karibu na kilango cha hewa. Panga nyuma vipande vinene vitatu au vinne vya miwati, vibanane. Ukiacha nafasi kati yao vitashika vyote kwa pamoja. Fungua hewa dakika 20, kisha punguza hadi upana wa kidole.

Usifunge hewa kabisa, na lile bamba la ndani ya bomba, la kuzuia moshi kupanda, usilifunge makaa yakiwa hai. Moto unaokosa hewa hutoa lami, na pia hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na huua watu usingizini. Shangazi sasa huacha dirisha la korido wazi kidogo, hata kukiwa na barafu nje.

Asubuhi vuta tena makaa mbele, weka vijiti viwili na kipande chembamba, fungua hewa. Majivu yatoe kwa ndoo ya bati yenye kifuniko na uiweke nje, mbali na ukuta, kwa siku kadhaa kabla ya kuyapeleka shambani.